Barua ya wazi: Tuacheni tupange mali zetu tungali hai

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi, uvuvi, usajili wa vifo na mirathi,
Mkoani Mwanza.

YAH: KUKWAMISHWA KUPANGA MALI YA FAMILIA WAKATI WENYEWE TUKO HAI

Waheshimiwa,

Shikamooni mnaostahili shikamoo. Na ninyi wanangu mnaokaa dirishani kupokea mafaili, hamjambo.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa miaka 57, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ana mitumbwi miwili ya dagaa na injini zake. Tuna nyumba mlimani, kwenye kiwanja kilichorasimishwa kikapata hati, na tuna shamba la mpunga Magu. Watoto wanne tumezaa pamoja, mmoja mume wangu alikuja naye. Mali yenyewe ni hiyo. Kwa matajiri ni kichekesho, kwetu ni miaka 32 ya kuanika dagaa mchangani na kukimbizana na mvua.

Naandika hadharani kwa sababu barua za faragha zimeisha. Ya kwanza tuliipeleka Machi 2022, ya pili Novemba mwaka huohuo, ya tatu 2023 ikiwa na mhuri wa mtendaji wa kata. Zote ziligongwa "imepokelewa". Majibu ya mdomo tumeyapata mengi, ya maandishi hata moja. Ofisi sitaitaja, wala mtumishi. Mume wangu kaniomba nisitaje, na isitoshe waliotuzungusha ni wengi kiasi kwamba kumtaja mmoja ni kumwonea.

Tunachotaka ni hiki: mmoja wetu akitangulia, aliyebaki asilazimike kwenda mahakamani kwa kila kitu tulichochuma pamoja. Tumegundua kwamba mlango wa kupanga mambo ukiwa hai ni mgumu kuliko ule wa mahakama ukishakufa, na mlango huo mmeushika ninyi.

Niwaambie kilichotuamsha. Mume wa dada yangu alikuwa mvuvi hodari, akitazama wingu upande wa Ukerewe anakwambia leo hatutoki, na kweli mnaona dhoruba. Kusoma hakujua. Mwaka 2016 alimwita mwalimu wa shule ya msingi, wakaandika wosia kwenye karatasi za daftari, akaweka dole gumba. Mwalimu akawa shahidi, na rafiki yake mmoja akawa shahidi. Wosia ukafungiwa kwenye sanduku la bati. Tulimwona mtu wa maana sana, kwa sababu wanaume wengi wa huku ukiwatajia wosia wanakwambia unawachuria.

Alipofariki 2018 tukaambiwa wosia ule haufai. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wosia wa mtu asiyejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Anayejua kusoma ndiye anayetoshwa na wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Shemeji alikuwa na wawili tu, wote wa nje. Basi, ikawa kana kwamba amekufa bila kusema neno.

Ukoo ukakaa kikao, ukamteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi, Mahakama ya Mwanzo ikampa barua yake. Utaratibu wa Mahakama ya Mwanzo unasema ndani ya miezi minne msimamizi alete orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Namba 5, halafu alete hesabu kwenye Fomu Namba 6, aonyeshe kilichoingia, kilicholipwa na kilichouzwa. Fomu hiyo ya tano dada yangu aliiona mwaka wa tatu, tena baada ya kwenda kuidai mwenyewe, na injini hazikuwemo. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mwaloni, mbuzi wanalala chini yake.

Usiku wa siku ile mume wangu hakula. Asubuhi akasema, "Mama, twende tukapange yetu." Ndipo tulipokutana na ninyi. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnatuambia tuandike wosia, halafu mnaishia hapo.

Nimeshakaa kwenye mahema ya Wiki ya Sheria zaidi ya mara moja, nimepewa vipeperushi na maji ya chupa. Hakuna aliyeniambia waziwazi kwamba wosia, hata ulionyooka, haumwepushi mtu na mahakama. Wosia unasema nani apate nini na nani asimamie. Huyo aliyetajwa kusimamia bado lazima aende kuuthibitisha mahakamani ndipo benki au msajili wa hati amsikilize. Sikatai, wosia una kazi yake, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaoandika na kutunza wosia wanafanya jambo jema. Angalau hauliwi na mchwa. Ila anayetaka familia yake ipite kando ya mahakama anahitaji na mengine: jina la pili kwenye hati, zawadi aliyoikabidhi kwa mkono wake angali anapumua, jina la mrithi kwenye akiba yake. Majirani zangu Waislamu wana hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, nayo haitimii mpaka mali ikabidhiwe, na wanajua tangu madrasa kwamba wosia hauvuki theluthi moja. Sisi wengine tunakuja kujua mambo haya matanga yakishaanuliwa.

2. Jina la mke kwenye hati limekuwa kosa.

Hapa nitakaa kidogo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa pamoja wa mume na mke. Mmoja akifa, haki yake inahamia kwa aliyebaki. Aliyebaki anapeleka cheti cha kifo kwa msajili, jina la marehemu linaondolewa, kazi imekwisha. Upo pia umiliki mwingine wa hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu lile linaingia kwenye mirathi kama mali nyingine. Kwenye karatasi tofauti yake ni maneno machache. Kwa mjane ni miaka. Tofauti hii tulielezwa na wakili tuliyemlipa kwa fedha za dagaa. Ninyi hamkutueleza.

Siku ya kwanza mume wangu aliinama dirishani akasema anaomba mke wake aingizwe kwenye hati. Kijana alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Mzee, umelazimishwa?" Watu wa foleni wakacheka. Siku ya pili tukaambiwa tulete risiti kuonyesha mama alichangia nini. Risiti ya kuanika dagaa inatolewa na nani, jua? Siku ya tatu tukaambiwa tuandikishane mauziano, mume aniuzie nusu ya nyumba, tulipe ada na kodi kama wauzaji na wanunuzi wengine. Niulizane bei na mume wangu, nyumba ambayo mafundi wake niliwapikia ugali mimi, mimba ya mtoto wa tatu tumboni! Siku ya nne faili halionekani. Siku ya tano mtandao uko chini. Siku ya sita aliyekuwa na jambo letu amehamishwa, na aliyekuja hana habari.

Siku hiyo ya sita mtumishi mmoja mtu mzima, kwa nia njema kabisa, alimvuta mume wangu pembeni akamwambia mila haziruhusu. Kwa hiyo niongee kuhusu mila.

Kanuni zile za 1963 zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mabinti wamewekwa daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kiume wa kwanza na nyuma ya kaka zao wengine. Zimepita zaidi ya miaka 60 na vikao vya ukoo huku kwetu bado vinazungumza lugha hiyohiyo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Kitanzania walionyimwa mirathi ya waume zao kwa mila. Nisomapo mambo hayo nauliza: mwanamke aliyeona hivi, akitaka jina lake liwe kwenye hati kabla ya msiba, ana tamaa gani?

Na kama ni kutafuta mfano, msiende mbali. Februari 1990, Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory. Mama huyo wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akaenda mahakamani kudai mwanamke hana haki ya kuuza. Jaji akasema anayo, sawa na mwanamume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Uamuzi umetoka kwenye mji huu, wanafunzi wa sheria wanausoma hadi nje ya nchi, na dirishani kwenu haujafika.

3. Mtumbwi hauna mwenyewe ila mwanamume mmoja.

Nusu ya mali ya watu wa mwambao huu inaelea. Kuna wenye injini ambazo thamani yake inazidi nyumba wanazolala. Usajili wa chombo na leseni ya uvuvi ya kila mwaka vinabeba jina moja, na tulipouliza kama la pili linaweza kuandikwa tukaambiwa fomu haina nafasi hiyo. Tajiri, yaani mwenye chombo, akifa, manahodha wanatawanyika ndani ya wiki, nyavu zinaoza, leseni inaisha, na huku wenyewe tunangoja barua ya mahakama. Nyumba inaweza kungoja miaka mitatu. Mtumbwi wa mbao ukikaa nchi kavu miezi michache unapasuka.

4. Aliyemezwa na ziwa.

Hili halinihusu mimi, Mungu apishe mbali, ila siwezi kuandika barua kutoka mwaloni nikaliruka.

Ilipozama MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na ilipopinduka MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, nchi nzima ilisimama na majina yakaandikwa. Lakini mvuvi mmoja anayetoka na karabai usiku wa giza, upepo ukageuka, hapigiwi ving'ora. Mwili wakati mwingine haupatikani. Bila mwili hakuna kibali cha mazishi, bila kibali cheti cha kifo kinakuwa hadithi ndefu, na bila cheti hakuna mahakama, hakuna akiba, hakuna kitu. Mjane anakuwa mke wa mtu ambaye serikali inasema huenda yupo. Kila nilipouliza utaratibu ni upi nilipata jibu tofauti: mmoja alinipeleka polisi, mwingine kwa mtendaji, wa tatu akaniambia miaka ipite kwanza. Wote watatu wanaweza kuwa na ukweli. Kwa nini basi haujaandikwa mahali pamoja, ukabandikwa kwenye kila mwalo kuanzia Kayenze hadi visiwani?

Na hapa ndipo upangaji wa mapema unapookoa. Akiwa ameandika mrithi kwenye akiba na jina la mke kwenye nyumba, familia ina pa kulala na cha kula wakati nyaraka zinatafutana.

5. Akiba.

Sheria ya ushirika inamruhusu mwanachama kumtaja wa kupokea hisa na akiba zake akifa, na SACCOS yetu ina sehemu hiyo kwenye fomu. Tumejaza, dakika tano. Benki inauliza "ndugu wa karibu", unaandika jina ukidhani umemaliza, kumbe huyo ni wa kupigiwa simu tu. Siku ikifika anaambiwa alete barua ya usimamizi wa mirathi. Tuambieni siku ya kufungua akaunti, basi.

Waheshimiwa, najua mtakachosema, kwa sababu mengine mmeshayasema.

Mtasema wananchi hawana mwamko. Sisi tulikuja mara sita.

Mtasema kuna matapeli, wanaume wanaoandikishwa wakiwa wagonjwa na wanawake wadogo walioolewa jana. Ni kweli, nimeona kwa macho yangu, mtu amewekeshwa dole gumba akiwa hajitambui wodini. Lakini hiyo ni sababu ya kuwaita mume na mke wote wawili, kuwahoji kila mmoja peke yake, kuwapiga picha. Kufunga dirisha hakuzuii tapeli. Tapeli ana njia ya nyuma, anayekwama ni aliyekuja mchana kwa mlango wa mbele.

Mtasema umiliki wa pamoja utawanyima watoto wa nje ya ndoa. Hoja hii ina uzito, na hata nyumbani kwangu ilileta maneno. Mtoto aliyekuja na mume wangu nimemlea tangu ana miaka minne, ila karatasi haijui malezi. Tulichoamua ni kumpa lile shamba la Magu sasa, kwa hati ya zawadi, mbele ya serikali ya kijiji na mbele ya wadogo zake, na msimu uliopita amelima mwenyewe na kuvuna. Mwanangu mmoja alinuna wiki nzima. Heri anune baba yake akiwepo wa kumjibu. Familia nyingine wataamua vingine, ila lazima ziwe na mahali pa kuamulia.

Mtasema pia watu watahamisha mali kukimbia madeni. Mwenye deni apewe nafasi ya kupinga, tangazo libandikwe. Kwenye mirathi mnabandika matangazo, mnajua kufanya hivyo.

Tunachoomba ni hiki. Ofisi za ardhi zitoe fomu moja inayoeleweka ya mume na mke kuingizana kwenye hati, yenye maelezo ya Kiswahili ya aina zote mbili za umiliki, na ada zake zibandikwe ukutani tuzione kabla ya kufika dirishani. Wenye dhamana ya uvuvi wafungue nafasi ya jina la pili kwenye usajili wa chombo na leseni, na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo na rasilimali za uvuvi, wapewe nakala. Wasajili wa vifo waandike utaratibu wa waliopotelea ziwani, hatua kwa hatua, nani aandike nini na kwa muda gani. Mahakama, kwa heshima zote, iwaite wenyewe wasimamizi ambao miezi minne imepita bila Fomu Namba 5. Mjane asigeuzwe askari wa kuwakamata. Na kwa kuwa wenzetu wa Dar es Salaam wana kituo cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na mambo ya familia, na Mwanza tuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, jengo la kupendeza, tunaomba humo liwekwe dawati moja la walio hai. Mtu aingie na mke wake, na watoto kama wapo, aulize, aandikiwe, aondoke.

Jambo letu sisi wenyewe ni dogo zaidi: jibu la maandishi kwa barua zetu tatu. Kama ni hapana, iandikwe hapana na kifungu cha sheria kinachokataza, tukakipeleke kwa wakili. Tutakuja Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili na nusu asubuhi, mume wangu akiwa na miwani yake na kitambulisho chake cha NIDA, mimi nikiwa na cheti cha ndoa na nakala za barua zote zikiwa na mihuri yenu. Alilazwa mwezi Juni kwa shinikizo la damu, sasa anaendelea vizuri, ila kupanda mlima kunamchosha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa wetu.
Katibu wa SACCOS yetu.
Mashemeji zangu wote wawili, ambao wameisoma kabla yenu.